Kumtafuta Mwasisi wa Freretown Katika Vitabu vya Zamani

Freretown ni kitongoji cha Kisauni, upande wa bara, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Kiliasisiwa mwaka 1875 na CMS, shirika la umisheni la Kanisa la Uingereza, kiwe makao ya watu waliotolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa. Jina lilitoka kwa Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar mapema mwaka 1873. Mkataba alioudai kwa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, ulitiwa saini Juni mwaka huohuo, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na manowari za Kiingereza zikazidisha msako baharini. Kila jahazi lililokamatwa lilizua swali: watu hawa wapelekwe wapi? Freretown ilikuwa mojawapo ya majibu, na kengele yake ya zamani ingali inaonekana pale kwenye njia panda inayoitwa Kengeleni.

Waliojenga nyumba zake za kwanza na kulima mashamba yake hawakuwa wenyeji wa Mombasa. Walitoka Uyao, Umakua, Ungindo na kandokando ya Ziwa Nyasa, mwendo wa wiki nyingi kwa miguu kutoka baharini. Vitukuu na vilembwe wao wanaotaka kuujua ukoo huishia kwenye swali lilelile: mzee wa kwanza alitoka wapi, na alikuwa nani kabla ya kupewa jina analojulikana nalo?

Jibu limo katika karatasi zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mkulima huru wa Kiyao wa mwaka 1870 hakuandikwa popote. Jirani yake aliyetekwa, akauzwa Kilwa, akapakiwa jahazini na kuokolewa njiani, huenda ameandikwa mara kadhaa: na mwanamaji aliyelikamata jahazi, na balozi aliyeamua kesi, na padri aliyembatiza, na aliyemfungisha ndoa, na aliyemzika. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeandika kwa ajili ya kizazi cha mtu huyo. Mwanamaji aliandika apate malipo yake, balozi atoe hesabu kwa wakubwa wa London, mmisheni awaridhishe wafadhili wa nyumbani kwao. Anayetafuta babu yake humo hana budi kuuliza kila mara kitabu kiliandikwa kwa faida ya nani, maana hapo ndipo inapofahamika kwa nini jambo hili limeandikwa kwa makini na lile limerukwa.

Kabla ya kufungua kitabu chochote, inafaa kujua mwasisi wa ukoo alikuwa wa kundi gani. Watu wa Freretown, pamoja na wa Rabai, kituo cha zamani kilichoanzishwa na wamisheni Krapf na Rebmann katika miaka ya 1840, walikuwa wa namna tatu. Kulikuwa na Waafrika wa Bombay, waliookolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa India na kulelewa na CMS huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, ambako walifundishwa kusoma, uhunzi na useremala. William Jones na Ishmael Semler walitangulia kurudi, wakafika Rabai mwaka 1864. George David akawafuata. Wengine waliitwa na mchungaji William Salter Price, aliyewahi kuwasimamia Nasik, alipokuja Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874 kutafuta ardhi ya kituo kipya. Kundi la pili ni mateka, walioshushwa Freretown kutoka mikononi mwa wanamaji kuanzia mwaka 1875, wakubwa kwa watoto. La tatu ni watoro, waliowakimbia mabwana zao wa Mombasa na mashamba ya pwani wakajificha chini ya misheni, hasa Rabai. Mtoro hatafutwi katika kumbukumbu za manowari, na aliyelelewa Nasik haonekani katika orodha ya jahazi la mwaka 1876. Makundi haya yalioana tangu kizazi cha kwanza, kwa hiyo mtu mmoja wa leo anaweza kuwa na babu mhunzi wa Bombay na nyanya aliyeshushwa pwani na mashua ya manowari.

Utafutaji hurudi nyuma hatua kwa hatua: kutoka kwa wazee walio hai hadi makaburini, kutoka makaburini hadi vitabu vya parokia. Kaburi lenye mwaka wa kufa na umri, hata wa kukisia, hupunguza kazi ya miezi. Simulizi za wazee nazo, hata zikiwa fupi, hubeba alama zisizo katika karatasi: kwamba babu alikuwa na chale usoni, kwamba nyanya hakula samaki wa aina fulani, kwamba mzee alikuwa akihesabu kwa lugha ambayo wanawe hawakuielewa.

Kitabu cha ubatizo ndicho karatasi ya kwanza yenye uzito. Mtindo wa Kanisa la Uingereza ulikuwa wa safu: tarehe, jina la ubatizo, majina ya wazazi, makazi, kazi ya baba, na mwisho jina la kasisi. Kwa mtoto aliyezaliwa kituoni safu hizo hujaa. Kwa mtu mzima aliyekuja kama mateka, safu ya wazazi huwa tupu mara nyingi, na jina la zamani likiwapo limeandikwa kwa sikio la Mwingereza, huku sauti kama ng' na mb zikiyumba kutoka ukurasa hadi ukurasa. Anayetafuta jina kwa tahajia moja tu atalikosa. Ni lazima kulisoma kwa sauti, kukisia mgeni angelisikiaje, kisha kulitafuta kwa sura zake zote. Safu ile tupu ya wazazi ndiyo pengo kubwa kuliko yote katika historia ya Freretown. Mtu alikuwa na baba na mama na aliwajua kwa majina, lakini hakuna aliyemuuliza, au aliulizwa na jibu halikuandikwa.

Majina ya ukoo yanahitaji tahadhari zaidi. Waafrika wa Bombay waliitwa Jones, Wellington, Wainwright, Price, Rutton, Isenberg, Semler. Mengi ya majina haya yalikuwa ya wamisheni, wafadhili au watu mashuhuri wa Ulaya. Isenberg, kwa mfano, lilikuwa la mmisheni Mjerumani aliyefanya kazi na CMS huko Bombay. Kati ya vijana wa Nasik waliopelekwa kumsaidia mvumbuzi David Livingstone kulikuwa na Jacob Wainwright na John Wainwright, na pia James, Richard na Benjamin Rutton. Kushiriki jina hapa si ushahidi wa udugu wa damu. Familia mbili za jina moja zinaweza kuwa zimetokana na watoto wawili waliokutana tu katika bweni moja India, na anayeziunganisha kwenye mti wa ukoo kwa sababu ya jina atakuwa amejenga ukoo ambao haukuwapo.

Wanawake hupotea upesi zaidi. Wamisheni waliharakisha ndoa za mateka, wakawapa wenzi nyumba na shamba, na tangu siku hiyo mwanamke huandikwa kama mke wa fulani. Kwa sababu hiyo kitabu cha ndoa ni cha kusomwa polepole, pamoja na majina ya mashahidi na ya wadhamini wa ubatizo. Jina la mwanamke mmoja likijirudia kama mdhamini wa watoto wa nyumba fulani, upo uwezekano kwamba hao walifika pamoja, au walitoka nchi moja. Huo ni uwezekano tu, lakini ni wa kufuatwa.

Baada ya parokia huja barua za misheni. Sehemu kubwa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Za kituo cha Mombasa hadi mwaka 1880 zina alama CA5, na zilizofuata zina alama G3 A5. Zimo taarifa za mwaka, shajara, hesabu za fedha na malalamiko. Malalamiko yana manufaa kuliko taarifa za furaha. Padri anapowasifia wafadhili maendeleo ya kazi, watu wa Freretown huwa idadi tu: roho kadhaa zimebatizwa, watoto kadhaa wako shuleni. Ugomvi unapotokea, watu hupata majina na sauti. Mwaka 1881, mashtaka kwamba msimamizi mlei wa kituo alikuwa akiwacharaza watu viboko na kuwafunga yalifika kwa balozi wa Uingereza Zanzibar na uchunguzi ukafanywa. Barua za kipindi hicho, kwa uchungu wake wote, zinafundisha mengi juu ya maisha ya waasisi: nani alikuwa na shamba, nani alitaka kuondoka, na kwamba uhuru waliopewa ulikuja na amri nyingi.

Safari za bara nazo hutoa tarehe. William Jones na Ishmael Semler walifanywa mashemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Buganda. Hannington alimwacha na sehemu kubwa ya msafara Kwa Sundu, Mumias ya leo, akaendelea na wapagazi wapatao 50. Mwishoni mwa Oktoba aliuawa Busoga pamoja na karibu wote. Jones ndiye aliyewarudisha waliobaki hadi Rabai mapema mwaka 1886, akiwa ameandika shajara ya safari. Ukoo wa Rabai au Freretown wenye simulizi ya babu aliyebeba mizigo kwenda Uganda asirudi una mwaka wa kuanzia hapo.

Mfano ulio kamili zaidi wa maisha yanayoweza kufuatwa kwa karatasi ni wa Matthew Wellington. Alizaliwa Uyao na jina lake lilikuwa Chengwimbe. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akapelekwa India na kulelewa Nasik, ambako alibatizwa jina la Kiingereza. Mwaka 1872 alikuwa mmoja wa vijana 6 wa Nasik walioletwa Zanzibar na msafara wa kumtafuta Livingstone. Msafara ule ulivunjika mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley aliporudi na habari kwamba mzee yu hai, lakini vijana hao walijiunga na kundi alilolituma kwa Livingstone, wakamkuta Unyanyembe Agosti mwaka huo. Walikuwapo alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na walikuwa miongoni mwa walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Baadaye Wellington aliishi Freretown na Mombasa, akaifanyia kazi idara ya serikali ya ujenzi, na kufariki Mombasa mwaka 1935. Kwa kuwa aliishi muda mrefu kuliko wenzake, mmisheni mmoja alimhoji uzeeni na kijitabu juu yake kikachapishwa mwaka 1930. Bila mahojiano hayo, Chengwimbe asingejulikana na mtu; angebaki Wellington pekee. Mtu aliyebeba jina la jenerali wa Kiingereza kwa zaidi ya miaka 60 alikuwa bado analikumbuka lile la kwao.

Mwenzake Jacob Wainwright aliacha kitu kilicho adimu zaidi, yaani shajara ya mkono wake mwenyewe. Ndiye aliyesoma sala moyo wa Livingstone ulipozikwa chini ya mti kwa Chitambo, akachonga maandishi juu ya gome, kisha akausindikiza mwili hadi Southampton na kwenye mazishi ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Maandishi ya mtini yalitaja tarehe 4 Mei 1873. Jiwe la kaburi huko London linasema Mei 1. Tofauti hiyo ya siku tatu, juu ya kifo kilichochunguzwa zaidi kuliko karibu kifo kingine chochote cha bara katika karne hiyo, inatosha kumwonya kila msomaji wa vitabu vya kale. Kama mashahidi waliojua kuandika hawakuafikiana, tarehe za mpagazi asiye na cheo hazina budi kulinganishwa mara mbili au zaidi.

Kwa mateka, hatua inayofuata ni kulitafuta jahazi. Kuanzia mwaka 1874 manowari ya zamani HMS London ilitia nanga Zanzibar kama kituo, na mashua zake zikawa zinavizia kati ya Pemba na mrima. Jahazi lililokamatwa lilifikishwa mbele ya mahakama ya balozi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa John Kirk. Sheria iliwapa wanamaji zawadi ya paundi 5 kwa kila mtumwa aliyekombolewa, au malipo kwa kadiri ya ukubwa wa jahazi. Fedha hiyo ndiyo sababu jahazi lilipimwa urefu na upana kabla ya kuchomwa moto, na watu wakahesabiwa wanaume, wanawake na watoto mbalimbali. Hesabu ilikuwa ya makini kwa sababu kulikuwa na mtu wa kulipwa. Majina hayakuhitajiwa na mhasibu, kwa hiyo katika hukumu nyingi hayamo. Nyaraka hizi ziko Kew, Uingereza, katika mafungu ya FO 84 na ya vitabu vya safari vya manowari, ADM 53. Na kumbukumbu za ubalozi wenyewe ziko katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Ufunguo wake ni tarehe. Barua ya Freretown inayosema kundi fulani limepokelewa siku fulani humwezesha msomaji kurudi nyuma wiki chache katika karatasi za Zanzibar, alipate jahazi lenyewe, mahali lilipokamatwa na bandari lilikotoka.

Bandari hiyo husema mengi. Majahazi mengi ya miaka hiyo yalipakia Kilwa na fukwe za jirani, yakielekea Pemba na kaskazini. Baada ya Barghash kupiga marufuku pia misafara ya watumwa ya nchi kavu mwaka 1876, wafanyabiashara walizidi kutumia vijia na vijito vilivyofichika, na watu wakafika pwani wakiwa wamezungushwa mbali kuliko zamani. Kwa hiyo mahali mtu alipopakiwa hapamaanishi kwao.

Karatasi za watoro zina historia yake. Mwaka 1888 mabwana wa Mombasa walidai watu wao warudishwe, na hatari ya kushambuliwa Rabai ilikuwa ya kweli. George Mackenzie, mwakilishi wa Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alipatana nao walipwe fidia ya dola 25 kwa kila mtoro. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Price, aliyekuwa amerudi Mombasa wakati huo, alisimulia habari zote katika kitabu chake cha mwaka 1890. Fidia ilimlazimu karani kuandika mtoro na bwana wake, na jina la bwana, hata likichoma moyo wa kitukuu, laweza kuonyesha shamba na kijiji alikoishi mtu kabla ya kukimbia.

Mahali pa asili ndipo karatasi zinapokuwa dhaifu kabisa. Vitabu husema Mnyasa, Myao, Mmakua, Mgindo. Mnyasa aliweza kuwa mtu yeyote kutoka pande za ziwa, na Myao aliweza kuwa mtoto aliyekulia kwa Wayao baada ya kutekwa kutoka kwingine. Hapa simulizi hushika nafasi. Vijana wa shule ya Kiungani, Zanzibar, walisimulia kutekwa kwao na simulizi zikachapishwa mwaka 1887 na A. C. Madan, na msichana wa Kiyao, Swema, alisimulia yake kwa mapadri Wakatoliki wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Hawa hawakuwa wa Freretown, lakini walipita njia zilezile, na anayejua jina la mto au la mfanyabiashara aliyetajwa na babu yake anaweza kulikuta kwao.

Freretown yenyewe ilitoa kitabu cha namna hiyo, tena kwa Kiswahili. James Mbotela, mwana wa mateka, alichapisha *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934. Baba yake alitekwa upande wa ziwa, akaokolewa baharini na kupelekwa Freretown, na kitabu kinaeleza safari hiyo kama ilivyosimuliwa nyumbani. Wahakiki wamebishana kama ni historia au ni riwaya ya mwanzo ya Kiswahili, na wengi wamemlaumu mwandishi kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Lawama hiyo ina msingi: mchapishaji wake alikuwa London, na wasomaji waliokusudiwa walikuwa shule za kikoloni. Hata hivyo ndicho kitabu pekee kati ya vilivyotajwa hapa kilichoandikwa na mtoto kwa ajili ya kumhifadhi baba yake. Kinapaswa kusomwa kwanza kama kumbukumbu ya ukoo, na ukoo huo uliendelea kuhifadhi jina: Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyesikika redioni Kenya kwa zaidi ya nusu karne, alikuwa wa nyumba hiyo.

Nyaraka za Birmingham na Kew zina paa, zina wahifadhi, na hazitapotea kesho. Vitabu vya parokia za pwani havina hakika hiyo: chumvi ya bahari, mchwa na unyevu wa masika vinavila, na kurasa za miaka ya 1870 na 1880 ndizo kongwe na dhaifu kuliko zote. Wenye ukoo Kisauni na Rabai wawaombe wachungaji wao ruhusa ya kuzipiga picha sasa, ukurasa baada ya ukurasa, na wawahoji wazee wakiwa bado wanakumbuka majina ambayo padri hakuyaandika.